Nilivyotafsiri Filamu ya Dada Wawili

Nyumba za wafanyakazi wa reli hapa Voi zilijengwa karibu sana na njia ya treni. Treni ya mizigo ikipita, vikombe kabatini vilianza kugongana vyenyewe, na mtu aliyekuwa akizungumza alinyamaza katikati ya neno, akangoja, kisha akaendelea palepale alipoachia. Wageni walitushangaa. Sisi wenyewe hatukujua hata kama tunafanya hivyo.

Nilikuwa karani wa stoo ya reli, mtu wa magharibi mwa nchi niliyekuja huku kijana na cheti changu cha kidato cha nne. Mke wangu ni Mdawida wa Ronge. Nilimkuta sokoni akiuza kabeji alizoshuka nazo kutoka milimani. Kiswahili kikawa lugha ya nyumba yetu, kwa sababu mimi Kidawida hakikuniingia, na yeye alisema lugha ya kwetu inamchosha taya.

Deki ya video ilitoka kwa binamu yangu wa Mombasa, ambaye alikuwa amepata nyingine mpya. Tuliiweka juu ya televisheni na mke wangu akaifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni. Kilikuwa cha urembo, lakini zaidi kilikuwa cha kuzuia vumbi. Vumbi letu jekundu huingia hata kwenye yai. Kwa hiyo kabla ya kuweka kanda yoyote nilifungua deki, nikachovya pamba kwenye spiriti na kufuta kichwa chake kinachosoma kanda pole pole, huku watu waliojaa sebuleni wametulia kimya kama wanamtazama daktari akishona kidonda. Nilikipenda kimya kile. Nadhani nilikipenda kupita kiasi.

Watu walikuja Jumamosi alasiri. Walikuja majirani wa reli na wake zao, vibarua wa shamba la mkonge, akina mama wenzake mke wangu sokoni, na watoto wa kila mtu wakikaa chini kwenye mkeka. Kanda tulikodisha dukani karibu na stendi, na nyingi zilikuwa za Kiingereza. Mwenye Kiingereza nilikuwa mimi. Basi nilikaa kwenye kiti kando ya televisheni, uso nusu kwa filamu na nusu kwa watu, nikawa natafsiri.

"Anasema nini huyo wa kofia?"

"Anasema wakimkamata yule mwingine, atakiona cha mtema kuni."

"Lakini ameongea sana, na wewe umesema kidogo."

"Kizungu kina maneno mengi ya bure."

Wakicheka, mimi nilizidi kujinyoosha kitini. Watu wawili wakianza kubusiana, nilisema ni kaka na dada wanaagana. Siku moja mama mmoja wa mkonge, mtu mzima, akaguna, "Kwetu kaka na dada hawaagani hivyo." Sebule nzima ikalipuka, na mpaka leo wanaonikumbuka mtaani ule wananikumbuka kwa hilo.

Na treni je? Treni ilipopita, sauti ya filamu ilimezwa yote. Midomo ya Wazungu iliendelea kucheza na hakuna kilichosikika. Ningeweza kusema sijasikia. Ningeweza kurudisha kanda nyuma. Lakini kurudisha kanda kila mara kulichosha mashine, hiyo ndiyo sababu niliyowapa watu. Sababu ya kweli ni kwamba watu walikuwa wananitazama mdomo, na mtu anayetazamwa mdomo huona vigumu kuufunga. Nilijaza mwenyewe. Muuaji ambaye sikumsikia nilimfanya shemeji wa marehemu. Mikutano ya polisi niliifanya mabishano ya shamba. Hakuna aliyeumia, nilidhani.

Hapa lazima niseme kidogo juu ya mke wangu na mdogo wake, maana bila hivyo filamu ya dada wawili haina maana.

Walizaliwa wawili tu. Mama yao alipokuwa akiugua huko Ronge, mdogo aliondoka nyumbani na kuolewa Njukini, kule karibu na mpaka, na mfanyabiashara wa mahindi na maharagwe. Hakumjulisha mtu. Mke wangu ndiye aliyebaki na mama, akimwogesha na kumlisha, akipanda na kushuka mlima kila wiki akiwa na mtoto wetu mgongoni. Mama alipofariki, mdogo hakuonekana matangani. Baadaye tulisikia kwamba habari zilimfikia wakati kaburi limekwisha kuota majani, lakini kwa mke wangu hiyo haikuwa sababu. Mtu akimwuliza wako wangapi kwao, alijibu, "Niko mimi."

Basi mwenye duka la kanda alipoamua kuacha biashara, alinipa kanda chache za zamani kwa sababu nilikuwa mteja mzuri. Mojawapo haikuwa na karatasi ya jina, joto lilikuwa limeibandua, na mwanzo wake ulikuwa umefutwa na mpira wa miguu wa mtu fulani. Uliona wachezaji wakikimbia, halafu ghafla ukaona theluji. Watoto walidhani ni unga.

Ilikuwa filamu ya dada wawili katika shamba la nchi ya baridi. Mkubwa anapanda treni na kwenda zake mjini. Mdogo anabaki na mama mgonjwa. Unamwona akikata kuni, akipasha maji, akimgeuza mama kitandani. Mke wangu kwa kawaida hakuwa mtu wa filamu. Alikaa nyuma karibu na mlango wa jikoni akipukuchua mbaazi, akitazama kwa jicho moja. Siku ile nilisikia mbaazi zimeacha kuanguka kwenye sufuria.

Mwishoni dada mkubwa anarudi. Anatembea kwenye theluji, anabisha hodi. Mdogo anafungua mlango nusu, mkono wake mmoja bado umeushika. Wanatazamana. Mdogo anaanza kusema, anasema kwa muda mrefu, sauti ya chini kabisa, na wakati huohuo pale nje kwetu injini ikaanza kupanga mabehewa. Ilikuwa gongana gongana isiyokwisha. Sikusikia hata neno.

"Anamwambia nini?"

Aliyeuliza alikuwa mke wangu. Hakuwahi kuniuliza kitu katika filamu yoyote.

"Anamwambia," nikasema, "nenda stesheni ukachukue mizigo yako, mimi nawasha moto."

Dada mkubwa akageuka, akaanza kurudi alikotoka, akapungua, akapungua, mpaka akawa nukta kwenye ule weupe. Mlango ukafungwa. Filamu ikaisha.

"Sasa mbona anafunga mlango?" akauliza fundi mmoja wa injini, mtu wa kudadisi kila kitu.

"Baridi," nikasema.

Wiki iliyofuata nilikuwa nyumbani peke yangu, mke wangu sokoni, nikaiweka tena. Hakuna treni iliyopita. Nikamsikia yule mdogo vizuri kabisa. Alisema: mama alikufa akikuita, mimi nilikuwa namwambia uko njiani, usirudi hapa tena. Ndiyo hayo tu.

Nilizima. Nilikusudia kumwambia jioni ileile, na nilikuwa nimeyapanga maneno, hata kichekesho cha kuanzia nilikuwa nacho. Akarudi kutoka sokoni na kikapu kitupu, akaketi, akavua viatu. Akasema, "Leo nimekutana na wale wa maharagwe wa Njukini. Nimetuma salamu."

Nikamwuliza kama nimpashie chai.

Mdogo wake alikuja kwa basi la Taveta. Nakumbuka alivyosimama nje ya mlango wetu na mfuko wa maharagwe kichwani, hajui aushushe au aondoke nao. Mke wangu alikuwa amesimama ndani, mkono mmoja kwenye mlango. Mimi nilikuwa nyuma yake. Wale huzungumza Kidawida wao kwa wao, siku zote. Lakini siku ile mke wangu alisema kwa Kiswahili, kwa sababu maneno yale aliyapata kwa Kiswahili:

"Nenda stesheni ukachukue mizigo yako, mimi nawasha moto."

Mdogo wake akamtazama. "Mizigo gani, dada? Nimekuja na hii tu."

Halafu mfuko ukaanguka na maharagwe yakamwagika barazani, na wote wawili wakawa chini wanaokota na kulia, na mimi nikapiga magoti nikaokota pia, ili nisiwe mtu aliyesimama.

Tangu hapo kila mdogo wake alipokuja kututembelea, kanda ile iliwekwa. Nilitafsiri vilevile kila mara. Nikibadilisha hata neno moja, watoto walinisahihisha. Binti yetu, akiwa bado hajaingia shule, alikuwa akiwaambia wanasesere wake wa matambara waende stesheni wakachukue mizigo. Nilijiambia kwamba sasa maneno yale yameshakuwa ya familia, si yangu tena kuyaondoa. Ni uongo mzuri sana wa kujiambia, una mito laini pande zote.

Kisha siku moja ya joto deki ikaila kanda. Nilivuta utepe ule mweusi mita kwa mita kutoka tumboni mwa mashine, umekunjamana kama tambi, huku mke wangu amesimama pembeni na mkono mdomoni. Nilimpa pole. Ndani yangu nilikuwa kama mtu aliyetuliwa gunia.

Mambo mengine yalikuja kwa namna yalivyokuja kwa kila mtu. Diski zilifika, filamu nyingi katika moja, na maandishi ya tafsiri chini ya picha. Zikaja zile ambazo kijana wa mjini ameingiza sauti yake na vichekesho vyake juu ya filamu, akitafsiri haraka na kwa ufundi ambao mimi sikuwahi kuufikia, naye pia anabuni, lakini yeye kila mtu anajua anabuni. Tulihama nyumba za reli, tukajenga kwetu pembeni ya mji, ambako kitu cha kukukatiza maneno ni ndovu wakija kuvunja bomba la maji. Watoto walisoma. Kiingereza chao kikapita changu kama basi linavyopita baiskeli. Watu wakaacha kuja Jumamosi, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na televisheni yake, halafu kila mtu akawa na ya kwake mfukoni. Kiti changu cha kando ya televisheni kilipelekwa barazani. Sikulalamika. Kinafaa barazani.

Lakini mke wangu hakuisahau filamu yake. Mjini kulikuwa na vijana wa kukujazia filamu kwenye flashi, unawaambia unataka nini, wanakuwekea. Alikuwa akipita kwao kila akishuka sokoni.

"Inaitwaje, mama?"

"Haina jina. Ni ya dada wawili na theluji."

"Mama, hizo ziko nyingi kama mchwa."

"Hiyo yangu mmoja anaenda kuchukua mizigo."

Wakamwekea filamu za watu wa kupigana mateke kwenye barafu. Alizitazama mpaka mwisho, pengine dada wangetokea.

Binti yetu sasa anafanya kazi ofisini Mwatate. Ndiye aliyetuletea televisheni kubwa ya ukutani na waifai, akamfundisha mama yake kuandika kwa kidole na kutafuta. Mwanafunzi huyo hakuhitaji kufundishwa mara mbili. Aligundua tamthilia za Kikorea zenye maandishi ya Kiswahili, akavaa miwani, na nyumba ikaanza kuwa na kicheko ambacho mimi sikujua sababu yake. Mimi mtoto wa jicho ameniingia macho yote mawili. Picha naziona, maandishi yale madogo ni kama mstari wa siafu.

Ijumaa moja binti alirudi akarusha mkoba kochini. "Mama! Nimeipata!"

"Umepata nini?"

"Ya dada wawili. Nimewauliza watu mtandaoni, nikawaeleza theluji, mama mgonjwa, treni, mlango. Mtu mmoja wa huko mbali akaijua. Na iko na maandishi ya Kiswahili!"

Mke wangu akaketi. Akasema, "Usiiguse. Mpigie mama mdogo wako. Aje tuione Jumapili, tukitoka kanisani."

Nilipewa Jumamosi nzima ya kusema ukweli. Nilimfuata jikoni, nikarudi. Nilimfuata kibandani kwa kuku. "Unataka nini wewe?" akaniuliza. "Kuku wangu ni watano, naona wewe umekuwa wa sita." Nikamwambia nataka kujua kama kuku wamekula.

Jumapili shemeji yangu akafika, mama wa wajukuu wengi sasa, mnene, mwenye sauti ya kufika Tanzania bila simu. Alinisalimu kwa kunigonga bega. "Shemeji! Leo hatukuhitaji. Leo tunajisomea wenyewe. Umefutwa kazi."

"Bila marupurupu?"

"Bila hata barua."

Nikaenda pembeni nikachomoa waya wa ile mashine ya waifai. Mtu mzima wa umri wangu. Binti akahangaika na rimoti, akaangalia ukutani, kisha akaniangalia mimi.

"Baba, umechomoa?"

"Inakula stima."

"Baba."

Nikarudisha.

Ilianza na sehemu ambayo hatukuwahi kuiona, ile iliyokuwa imefunikwa na mpira wa miguu. Kumbe baba yao alikuwa hai mwanzoni. Kumbe dada mkubwa aliondoka kwa sababu. Mke wangu alisoma kila mstari kwa sauti ya chini, kidole chake kikicheza hewani kama anafuata mstari wa Biblia. Haukupita muda shemeji akapaza sauti.

"Ngoja kwanza! Huyu mwanamume shemeji alituambia ni mjomba wao!"

"Ni mjomba," nikasema.

"Mjomba gani anamshika mtu kiuno hivyo?"

Binti akaanguka kochini kwa kucheka. Nami nikacheka. Lakini mke wangu hakucheka, na kadiri filamu ilivyokwenda alisoma polepole zaidi, kama mtu anayehesabu hatua gizani. Maana haikuwa mjomba peke yake. Daktari niliyemfanya kuwa mdai wa shamba alikuwa daktari. Barua niliyosema ni ya mapenzi ilikuwa ya kuomba msamaha, na haikujibiwa.

Dada mkubwa akaja kwenye theluji. Akabisha hodi. Nyumba yetu ilikuwa kimya kabisa, nikasikia Kiingereza chote. Mke wangu akasoma:

"Mama alikufa akikuita. Nilikuwa namwambia uko njiani. Usirudi hapa tena."

Akasoma tena, safari hii bila sauti, midomo tu. Dada wa kwenye theluji akaanza kwenda zake. Mlango ukafungwa.

Wa kwanza kusema alikuwa shemeji. "Haya maandishi ni ya kompyuta, dada. Huwa yanakosea."

"Baba," akasema binti, "yamekosea?"

Wote watatu wakageuka. Sijawahi kutengenezewa njia nzuri kama ile ya kutokea. Ningeitikia tu kwa kichwa.

"Hapana," nikasema. "Ndivyo alivyosema."

Shemeji akapiga makofi mara moja. "Kumbe! Shemeji wangu, ulitaka kutupatanisha! Ulituonea huruma tangu siku hizo!" Macho yake yalikuwa na machozi, na alikuwa tayari kunikumbatia. Hiyo ilikuwa njia ya pili, nzuri kuliko ya kwanza.

"Sikutaka kumpatanisha mtu," nikasema. "Treni ilipita. Sikusikia kitu. Niliona aibu kusema sijasikia."

Mke wangu alikuwa anatazama skrini, ambako majina yalikuwa yanapanda. "Na zile mara nyingine zote?" akauliza.

"Mara nyingine nilisikia."

Alisimama, akakunja miwani, akaenda jikoni. Mdogo wake akamfuata. Walizungumza Kidawida kwa muda mrefu. Miaka yote hii, na nilichoambulia ni lile neno analoniita mimi, "mzee", likirudi mara kwa mara.

Jioni, mgeni amelala, alikuja barazani nilipokuwa. Hakuketi.

"Nilimwosha mama yangu mimi," akasema. "Nilimfunga kidevu kwa mikono hii. Ulidhani nitashindwa kusikia maneno ya Mzungu?"

"Sikudhani hivyo."

"Ulidhani nini?"

"Sikudhani. Niliendelea tu."

Halafu akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku ile. "Nilikuwa najua tumekaa pamoja tunaangalia kitu kimoja. Kumbe mimi naangalia filamu yako, na wewe unaangalia yao. Miaka yote hiyo nilikuwa pale peke yangu."

Nilimwomba msamaha. Alisema amesikia. Kusikia si kusamehe, na yeye hatumii neno moja badala ya lingine.

Asubuhi nilimsindikiza shemeji stendi. Alipokuwa anapanda gari aliniinamia sikioni. "Anasema angenitafuta tu, hata bila filamu yako. Mimi namjua dada yangu. Asingenitafuta. Lakini usimwambie nimesema." Akanigonga bega tena. Nikabaki pale na siri nyingine ya mtu, na mara hii sikuitaka.

Siku zilizofuata zilikuwa za adabu. Chakula nilipewa, cha moto, kwa wakati wake. Alinisalimu asubuhi kama unavyomsalimu mpangaji mwema. Lakini alasiri alichukua simu yake, akaweka vile vitu vya masikioni, akakaa chumbani na Wakorea wake, na mimi nikabaki sebuleni na televisheni kubwa inayoonyesha picha za maporomoko ya maji, kwa sababu sikujua namna ya kuitoa hapo. Nilimsikia akicheka peke yake upande wa pili wa ukuta. Nilianza kufikiri juu ya watu wote waliokaa kwenye mkeka wetu wakinitazama mdomo. Sijui wangapi wamekwisha kufa na mjomba wangu yule wa uongo vichwani mwao.

Nilijua kwamba nikingoja ile hali ikae, itakaa. Mimi ni bingwa wa kungoja mambo yakae. Basi nikabisha mlango wa chumba chetu, mlango ambao sikuwahi kuubisha.

Akatoa kimoja sikioni. "Nini?"

"Nisomee."

"Nikusomee nini?"

"Hao. Siyaoni maandishi yao. Nasikia wanaongea tu."

Alinitazama juu ya miwani. "Wewe? Mwenye Kizungu?"

"Hicho si Kizungu."

Nilidhani atakirudisha kile kitu sikioni. Alikaa akifikiri, kidole kwenye skrini, Wakorea wamesimama midomo wazi. "Ukiniingilia kati nanyamaza," akasema.

"Sitakuingilia."

"Na usiniulize nani ni mjomba wa nani."

Akaja sebuleni, akaihamishia tamthilia kwenye televisheni kubwa kwa namna aliyofundishwa na binti, akavuta kiti chake karibu na changu ili nisikie. Akaanza kusoma. Husoma kwa sauti moja bila madoido, kama msomaji wa matangazo kanisani. Mtu akikasirika kwenye skrini, yeye hakasiriki. Akifika mahali pasipoeleweka, husema, "Hapa sijaelewa," na tunaendelea bila kuelewa, na hakuna kibaya kinachotokea. Mara ya kwanza aliposema hivyo ilibidi nitazame pembeni.

Sasa ndiyo kazi yetu ya alasiri, akimaliza na kuku. Bado hajaniambia kwamba yameisha. Mimi siulizi. Katika tamthilia tuliyo nayo kuna mzee mmoja mwenye duka dogo la supu ya tambi. Ana kiburi, anawakemea wateja, anagombana na mwanawe aliye mbali, halafu usiku anaweka bakuli la mwanawe mezani. Nilimpenda mzee yule. Mke wangu alijua, kwa sababu kila alipotokea nilisogeza kiti.

Juzi mzee alikuwa amelala hospitalini na watu wamemzunguka, na mwanamke mmoja akaanza kusema kwa sauti ya chini. Maandishi yalipita chini ya picha, yakapita tena. Mke wangu hakusoma. Alichukua rimoti, akasimamisha, akageuka akanitazama, na nikaona kwamba anapima kitu.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Nikuambie?"

"Niambie."

"Amekufa. Si kulala, si kuzimia. Mwanawe yuko njiani, lakini hatamkuta."

Nje upepo ulikuwa unasukuma vumbi mlangoni. Nilikuwa nimefiwa na mtu asiyekuwepo, wa nchi nisiyoijua.

"Nisome yanayofuata," akauliza, "au tupumzike kwanza?"

Nikamwambia asome.